Shangazi Anastazia Anatafuta Uwanja wa Kupuria

Machi 9, Ulemo

Nimefika leo mchana na tayari nimekosea. Shangazi Anastazia alininyooshea mkono, ukapita pembeni ya wangu, nami nikaudaka kama mtu anayedaka kikombe kinachoanguka. Akasema, "Usinidake. Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sasa mkono." Safari hii nilisubiri autafute mwenyewe.

Baba ndiye aliyenituma. Alisema dada yake anahitaji mtu wa kumsomea na kumwandikia, na mimi tangu nimalize shahada ya pili ya sanaa za maonyesho ninakaa tu nikituma maombi ya kazi. Sikubisha. Nilipokuwa mwaka wa kwanza kitabu chake kilikuwa kwenye maktaba yetu, kitabu kikubwa juu ya tamthilia za Wagiriki wa kale, na nilikuwa ninapitisha kidole kwenye jina la ukoo wetu pale mgongoni mwa kitabu, bila kukifungua.

Ana presha ya macho. Jicho la kushoto, anasema, linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. La kulia lina nafuu. Daktari wa Dodoma alimwambia bila kuzunguka kwamba matone yanachelewesha tu, na kwamba asitegemee kusoma mwaka ujao.

Swali lake la kwanza baada ya chai halikunihusu mimi wala baba. Aliuliza, "Huko njiani mtama umefika wapi? Umechanua?"

Nilikuwa nimelala tangu Shelui. Sikujua.

Machi 14

Mvua. Nimesoma kwa sauti mpaka koo limekauka.

Machi 21

Leo nimeelewa kwa nini anauliza mtama kila asubuhi.

Babu yangu alikuwa mwinjilisti. Alikwenda kusomea Biblia chuoni akarudi na herufi za Kigiriki, si nyingi, zilizomtosha kusoma mstari mmoja mmoja. Alizichora kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni, na binti yake mkubwa, aliyetakiwa kuwa anaangalia sufuria, akazishika zote. Ndivyo ilivyoanza. Kutoka hapo shule ya bweni, chuo kikuu Dar es Salaam, halafu Ulaya.

"Siku moja kwenye semina," alisema, "tulikuwa tunajadili kundi la waimbaji. Wale waliosimama katikati ya uwanja wa tamthilia, wanaimba na kucheza. Waliimba ubeti mmoja wakielekea upande huu, wakageuka, wakaimba ubeti wa kujibu wakielekea upande ule. Wafafanuzi wa kale waliandika kwamba waliiga mwendo wa nyota. Kila mtu mezani anaandika, nyota, nyota. Mimi nikanyoosha kidole. Nikasema mama yangu hufanya hivyohivyo kijijini kwetu, na haigi nyota. Anapura mtama."

"Wakasemaje?"

"Walicheka. Kisha mmoja akaacha kucheka, akaniambia niandike."

Aliliandika jambo hilo maisha yake yote. Kitabu, halafu makala, halafu uprofesa. Alikwenda kukaa juu ya mawe ya kumbi zile za kale, zilizochongwa kwenye miteremko ya vilima, akahesabu hatua za uwanja wa chini. Aliporudi kufundisha hapa nchini wenzake walimwita Mama Wagiriki. Walimuuliza Wagiriki wanatuhusu nini sisi wenye ngoma zetu. Kule Ulaya walimuuliza Wagiriki wanakuhusu nini wewe. "Nilichoka kujibu pande zote mbili," alisema, "nikawa ninafanya kazi tu."

Halafu miaka michache iliyopita msomi mmoja aliandika, kwa adabu sana, kwamba kitabu chote kimesimama juu ya kumbukumbu ya mtoto wa miaka saba aliyemtazama mama yake akipura. Hakuna picha, hakuna maelezo ya mtu mzima, hakuna aliyerudi kuthibitisha.

Nilimuuliza kwa nini hakurudi.

"Mtama unapurwa Mei na Juni. Mei na Juni ni mitihani. Kila mwaka nilisema mwaka ujao, nikakaa nasahihisha karatasi zenu." Akageuza uso kuelekea dirishani, kwenye mwanga. "Sasa wachapishaji wanataka kutoa kitabu upya. Nimeomba sura moja ya mwisho. Nitaandika nitakachokiona, basi. Kama nilikosea nitasema nilikosea. Nina msimu mmoja wa macho, Faith."

Machi 29

Sina hakika kama ninampenda. Leo amenirudisha ukurasa mmoja mara sita kwa sababu nilisoma "kana kwamba ninasoma tangazo la minada." Nilipomwekea matone, moja likamwangukia shavuni, akaniambia nina mikono ya mvulana. Anawauliza majirani habari za mashamba yao lakini hawaulizi habari za watoto wao. Mtu aliyetumia miaka hamsini kusoma vilio vya watu waliokufa zamani, na jirani yake akipita na mtoto mwenye homa mgongoni anamuuliza kuhusu masuke!

Niliandika hivyo nikiwa na hasira. Ninayaacha yabaki.

Aprili 8

Mvua haikatiki. Barabara ya kwenda Kiomboi imekuwa tope tupu. Shangazi yuko mlangoni anasikiliza maji kama mgonjwa anayesikiliza hatua za daktari.

Aprili 16

Rebeka, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuja kutuletea mlenda. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima kingine. Ndiye kiongozi wa kwaya ya kina mama kanisani. Shangazi alimkaribisha, akamuuliza moja kwa moja mwaka huu watapura lini, ili aje na kiti akae atazame.

"Kupura?" Rebeka alisema. "Profesa, nani anapura siku hizi? Tunamwita Gerald wa Shelui na mashine yake. Asubuhi anakuja, mchana magunia yamefungwa. Fimbo tunawapigia mbuzi."

"Wote?"

"Wote. Labda alizeti, hiyo tunaigonga kidogo. Lakini mtama ule unavyowasha! Nani arudi kujikuna wiki nzima?"

Akacheka. Shangazi naye akacheka kidogo kwa heshima, na Rebeka alipoondoka aliniambia nimfungie dirisha. Jioni hakuuliza kitu. Nilimsomea, nikasoma vibaya kwa makusudi nione kama atanirudisha. Hakunirudisha.

Aprili 17

Asubuhi nimevuka barabara bila kumwambia. Nilimweleza Rebeka yote, kitabu, msomi wa kule, macho. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Akasema, "Kumbe ndiyo hivyo. Masikini dada wa watu. Basi niachie mimi."

Nimerudi nikiwa mwepesi. Nimemwambia shangazi asikate tamaa. Amesema, "Umefanya nini?"

Aprili 28

Kila jioni kina mama wanafanya mazoezi nyuma ya kanisa. Sikuulizwa, wala sikutakiwa kuchungulia.

Mei 5, Jumapili

Lazima niandike polepole, nisije nikaandika kwa kucheka au kwa kulia.

Baada ya ibada tulizuiwa kuondoka. Kulikuwa na viti viwili vya plastiki vimefunikwa vitambaa vyeupe, na meza yenye maua ya karatasi. Shangazi akakalishwa kama mgeni rasmi. Kinanda kikawashwa, spika ikakohoa. Kina mama kumi na wawili wakaingia kwa mstari wakiwa wamevaa sare ya kwaya, ya zambarau, viatu vimepakwa rangi, kila mmoja na fimbo mpya iliyomenywa gamba, zote urefu mmoja, zimefungwa utepe. Turubai la buluu lilikuwa limetandikwa chini, safi, limepigwa deki.

Wakaimba wimbo waliotunga wenyewe, wa kumshukuru Mungu kwa ajili ya binti wa Ulemo aliyefika ng'ambo. Walipiga hatua mbili kulia, mbili kushoto, wakainama, wakapiga turubai kwa pamoja. Turubai tupu. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayekung'uta godoro. Kisha risala, kurasa tatu, ikisomwa na Rebeka mwenyewe huku jasho likimtoka.

Mimi niliona jinsi walivyojitahidi. Niliona kwamba Bibi Martha, mwenye zaidi ya miaka themanini, alikuwa amevalishwa sare ya kuazima iliyomzidi mabega, naye alikuwa akiitazama fimbo yake yenye utepe kama mtu aliyepewa kijiko cha kulimia.

Shangazi aliinama mbele, jicho la kulia likiwa karibu kugusa turubai. Risala ilipokwisha watu walisubiri neno la mgeni rasmi.

Akasema, "Mtama uko wapi?"

Rebeka akasema, "Mtama ungechafua sare, Profesa."

"Basi hii ni kwaya. Nilitaka kuona kazi."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini spika ilikuwa karibu.

Mei 6

Jana usiku sikuweza kunyamaza. Nilimwambia wale kina mama waliacha mashamba yao jioni kwa wiki tatu. Nilimwambia yeye aliyeandika sura nzima juu ya wale raia wa kawaida wa Ugiriki ya kale waliofanya mazoezi miezi mingi ili wacheze siku moja mbele ya mji wao, leo kachezewa yeye, na hakupiga hata kofi. Sijawahi kusema hivyo na mtu mzima wa ukoo wetu.

Nilifikiri atanirudisha kwa baba.

Asubuhi aliomba nimpeleke kwa Rebeka. Hakutaka kushikwa mkono barabarani, akajikwaa kwenye mfereji, akasimama, akaendelea. Tulimkuta Rebeka jikoni akichambua mlenda. Hakuinuka.

"Shikamoo, Profesa," alisema, baridi kabisa.

"Marahaba. Rebeka, mimi jana sikuwa na adabu. Mama yangu angekuwa hai angenichapa pale pale mbele ya mchungaji."

"Angekuchapa na ile fimbo yenye utepe."

"Nisingeisikia. Ilikuwa nyepesi mno."

Rebeka aliguna, hakucheka. Akasukuma ungo kati yao. Shangazi akakaa kwenye kigoda na kuanza kuchambua majani kwa vidole, polepole, akitupa mabua chini. Walikaa hivyo. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiuliza majina ya watoto wa Rebeka, na aliposikia la tatu aliomba arudiwe ili alishike.

Mei 13

Leo amemimina chai mezani, kando ya kikombe, akaendelea kumimina. Jicho la kushoto limezima. Amesema limezima tangu Alhamisi na hakutaka kunisumbua.

Nimempigia baba simu. Ameuliza, "Na mtama?"

Mei 17

Mtama wa Rebeka umekatwa. Masuke yamelundikwa uani kwake juu ya turubai lile lile la buluu. Gerald atakuja Jumatano. Shangazi ameniomba nimpeleke aguse lundo. Aliingiza mikono mpaka kwenye viwiko.

Jicho la kulia linaona vivuli na mwanga. Akisimama mtu dirishani anajua ni mtu. Hajui ni nani mpaka aongee.

Tumeacha kuzungumza juu ya sura ya mwisho.

Mei 22

Nina vumbi la mtama mpaka ndani ya masikio na sitaoga kabla sijaandika.

Gerald alikuja saa mbili na trekta lake. Kijana mnene mwenye kofia ya sufu, anamwita kila mwanamke mama mkwe. Mashine ilinguruma, ikala kama robo ya lundo, ikatoa mlio wa chuma, mkanda ukakatika ukamkosa usoni kwa kiasi cha kiganja. Alizima, akautazama.

"Mama mkwe, huu hauna tiba. Niende Shelui nikatafute mwingine."

"Na unarudi lini?"

"Kesho. Kama upo."

Hapo ndipo upepo ulipobadilika. Mvua ya mwisho wa Mei hatukuitegemea, lakini mwaka huu mvua haijatii mtu. Upande wa Sekenke mbingu zilikuwa nyeusi kama chungu. Mtama ukilowa kwenye lundo unachemka wenyewe, unageuka mweusi, unaota. Rebeka ana watoto wanne nyumbani na hilo lundo ndilo chakula chao mpaka mwakani. Alisimama ameshika kichwa. Kisha akaita kwa ile sauti yake, akaita majina, moja moja, kuelekea kila nyumba.

Walikuja kama walivyokuwa. Kanga za jikoni, mmoja na sabuni mikononi. Fimbo za utepe zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Bibi Martha alizipiga teke, akasema zitavunjika kabla ya pigo la kumi, akaenda kung'oa miti ya zizini. Mizito, imepinda. Waliifagia sehemu ya ua iliyosiribwa kwa samadi, wakatandaza masuke, wakajipanga mistari miwili, wakaanza kupiga. Mwanzoni ovyo, fimbo zikigongana. Ndipo Bibi Martha akaanza wimbo kwa Kinyiramba, wimbo usio wa kanisa hata kidogo, wa mwanamke anayemsema mwenzake kuwa mumewe ni mvivu, anamtaja kwa jina. Mapigo yakakaa sawa. Upande wa pili wakamjibu na tusi lao. Nilisimama mdomo wazi.

Shangazi alikuwa amefika uani bila mimi. Amevuka barabara peke yake akifuata sauti. Nilikimbia nikamletea kiti.

"Ondoa," alisema. "Kiti ni cha nini? Sioni. Nipeni fimbo."

Bibi Martha alisema bila kusimamisha mkono, "Wewe mikono yako ni ya kalamu."

"Nilizaliwa nyumba ile pale, Martha. Unanijua."

"Ninakujua. Ulikuwa unalala kwenye makapi tunapofanya kazi."

Wakacheka wote, na Rebeka akamvuta, akamweka kati yake na Bibi Martha, akamshikisha mti. Alipiga vibaya. Alipiga mguu wa Rebeka. Alipiga tena. Na mstari ulipogeuka, mwili wake ukageuka nao, sekunde moja nyuma, kisha nusu, kisha pamoja. Walikwenda upande wa nyumba wakiimba ubeti wao, wakageuka, wakarudi upande wa zizi na ubeti wa wale wengine. Huku na huku. Vumbi lilipanda mpaka kanga zote zikawa rangi moja. Shangazi alikuwa analia, au ni vumbi, sijui. Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni, nikasimama pembeni kwa muda, nikijiambia ninatazama kwa niaba yake. Baadaye sikuweza kuvumilia kusimama. Nilibeba masuke, nikakokota magunia, lakini sikuacha kutazama. Nilitazama miguu, mabega, vichwa. Nilitazama kama ambavyo sijawahi kutazama kitu.

Matone ya kwanza yalianguka tukifunga gunia la mwisho. Sehemu ya chini ya lundo imelowa, Rebeka anasema itafaa kwa kuku. Mtama mwingine wote uko ndani. Yeye ndiye aliyemshika shangazi mkono kumvusha barabara, na shangazi akakubali kushikwa.

Mei 23

Hawezi kuinua mikono. Nimemlisha uji. Amejikuna shingo mpaka damu, anatabasamu.

Mei 26

Ameniita baada ya ibada, akasema, "Kaa. Tunaandika."

Alianza bila kusita, sentensi zake nzima, kama mtu anayesoma kwenye ukuta. Alieleza uwanja, fimbo, mistari miwili ya wanawake, nyimbo mbili za kujibizana. Alitaka niandike wazi kwamba yeye hakuona kitu. Alikuwa ndani, na macho yake yalikuwa yamekwisha. Kisha akafika kwenye kugeuka.

"Andika. Kundi liligeuka kwa sababu ya upepo. Vumbi la mtama linawasha machoni na shingoni, na kila upepo ulipobadilika niliusikia kwenye shavu, na mstari ukageuka kuupa mgongo. Hakuna nyota. Hakuna hata wimbo. Wimbo ulifuata mwili."

Kalamu yangu ilisimama.

"Umeandika?"

"Hapana, shangazi."

"Kwa nini?"

Nilimwambia. Nilikuwa ninaogopa, lakini nilikuwa nimeona. Upepo ulibadilika, ndiyo, mara mbili au tatu. Lakini waligeuka mara nyingi zaidi ya hizo, na kipindi kirefu katikati hakukuwa na upepo kabisa, vumbi lilipanda wima kama moshi wa jikoni, na bado waligeuka.

"Uliona vibaya."

"Niliona vizuri. Nilikuwa nje. Wewe ulikuwa katikati, ulikuwa unapigwa na vumbi, ndiyo maana unakumbuka vumbi."

Taya lake lilikuwa limekaza, kama la baba anapokasirika. "Basi waligeuka kwa nini, wewe uliyeona?"

"Kwa sababu ya matusi. Bibi Martha alipomtaja mume wa mtu, yule mtu alitaka kumwona usoni anayemsema. Aligeuka yeye kwanza, shingo, halafu mabega, na walio pembeni yake wakageuka naye ili wamsaidie kujibu. Walipojibu, wale wa kwanza nao wakageuka kuwatazama. Kila mara ilianzia kwenye uso wa mtu mmoja aliyesemwa. Niliwatazama nyuso, shangazi."

Nikajutia neno hilo palepale. Yeye asingeweza kuona nyuso.

Mvua nyepesi ilikuwa inagonga bati. Alikuwa anageuza kichwa chake kidogo, kulia, kushoto, kama anapima kitu shingoni mwake mwenyewe. Shingo, halafu mabega.

"Rebeka alinivuta," alisema taratibu. "Kila mara alinivuta kabla sijasikia upepo. Nilidhani ananisaidia."

Niliweka kalamu kwenye karatasi tena.

"Inaweza kuwa ni upepo bado."

"Inaweza."

"Andika niliyosema, yote, usibadilishe hata neno. Umeandika? Sasa chini yake andika, mwenzangu Faith, aliyekuwepo na kuona, anapinga." Akavuta kiti chake karibu na meza mpaka magoti yake yakagusa yangu. "Haya, lete sababu zako. Anza na aliyegeuka wa kwanza. Alisemwa nini?"